Haponi, Mnampeleka wa Nini?

Wiki hii wale wa mapenzi mnisamehe. Yule dada wa Sinza mwenye mabwana wawili na harusi moja asubiri kidogo, habari yake haichachi. Leo nina jambo la wazee. Usifunue ukurasa! Najua unasema wewe bado kijana, ya wazee yanakuhusu nini, lakini nikuulize: siku maza akidondoka bafuni, simu ya kwanza atapigiwa nani? Si wewe?

Basi bwana, mwezi uliopita nilikwenda Mbagala kwa mshikaji wangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Nilikwenda kumpa pole ya mama yake. Mama ana miaka 67. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, mkono na mguu vikalegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa mazito. Alilazwa siku kumi na moja. Siku ya kuruhusiwa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wale tunaowaita watu wa fizio, akawaambia wamrudishe mara mbili kwa wiki. Wakarudi kweli, miezi mitatu. Mtoto ni mtumishi wa serikali, mama kaandikishwa kwenye kadi yake ya bima, kwa hiyo kwa mtaalamu hawakutoa hata senti tano.

Sasa siku hiyo nafika nakuta kikao. Ukoo mzima! Baba mdogo katoka Kibiti, mashangazi wawili, na kaka mkubwa mwenye duka Kariakoo, ambaye ndiye analipia bajaji ya kumpeleka mama hospitali. Ajenda moja tu. Kaka mkubwa kasema: "Miezi mitatu sasa, mkono uko vile vile. Huyu haponi, mnampeleka wa nini?" Shangazi mmoja akadakia kwamba kule Charambe yuko mzee anakanda kwa mafuta, anakuja mpaka nyumbani, elfu kumi na tano kwa siku. Kikao kikapitisha. Mazoezi yakafutwa hapo hapo.

Mama mwenyewe alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti chake, anasikiliza. Ulimi mzito lakini masikio mazima. Hakuna aliyemuuliza. Mimi mgeni kwenye kikao cha ukoo sina kura, nikala wali wangu.

Hebu kwanza tupige hesabu. Bajaji kwenda na kurudi elfu kumi. Mara mbili kwa wiki ni elfu ishirini, kwa mwezi kama elfu themanini. Mzee wa mafuta mara mbili kwa wiki ni elfu thelathini, kwa mwezi laki na ishirini. Yaani wameacha kitu ambacho bima inalipa ili kuokoa nauli, halafu wanatoa mfukoni hela kubwa kuliko hiyo nauli. Na huyu ni mfanyabiashara wa Kariakoo!

Lakini lililonikaa kichwani ni lile neno "haponi". Niko kwenye daladala narudi, nikakumbuka kwamba neno hilo hilo liliwahi kutumiwa na bima ya serikali ya Marekani kuwanyima wazee mazoezi, mpaka wakaburuzana mahakamani. Nilikisoma kisa hicho zamani kidogo, ngoja nikupe, halafu tutarudi nyumbani.

Wamarekani wana bima ya wazee inaitwa Medicare. Rais Johnson aliisaini Julai 30, 1965, na kadi ya kwanza akapewa rais mstaafu Truman. Wengi wanaingia wakifika miaka 65. Kwa mzee anayekwenda kliniki kufanya mazoezi na kurudi kwake, akishalipa kile kiasi cha mwanzo cha mwaka, bima inabeba asilimia 80 na yeye asilimia 20. Mpaka hapo bomba. Mwaka 1997 wakubwa wao wakaamua kubana matumizi, wakatunga kikomo: dola 1,500 kwa mwaka, zikiisha zimeisha. Kikaanza 1999. Halafu sikia kasheshe: tiba ya kujifunza kuongea wakaiweka kwenye hela hizo hizo za mazoezi ya viungo. Sasa mtu wa kiharusi ana mguu na ana ulimi, vyote vibovu. Akizitumia kwenye mguu, ulimi unakaa. Achague, atembee bubu au aongee akiwa kitandani! Kikomo hicho kilisimamishwa, kikarudishwa, kikatobolewa milango ya uani kwa wenye shida maalumu, hadi kikafutwa Februari 2018.

Hiyo ilikuwa ya hela. Ya "haponi" ilikuwa nyingine na mbaya zaidi, maana haikuandikwa popote kwenye sheria. Ilikuwa desturi tu ya watu wanaopitisha madai. Wakiona mgonjwa haonyeshi maendeleo, wanakata. Bibi mmoja wa jimbo la Vermont, haoni, mguu mmoja umekatwa, alinyimwa malipo ya wauguzi waliokuwa wanamfuata nyumbani kwa sababu hali yake, eti, haitakuwa nzuri zaidi ya hapo. Yeye na wenzake wakafungua kesi mwaka 2011. Inaitwa kesi ya Jimmo. Januari 2013 mahakama ikapitisha makubaliano kwamba hilo la kupata nafuu si kipimo. Cha kuuliza ni kama mgonjwa anahitaji mkono wa mtaalamu. Kama kazi ya mtaalamu ni kumshikilia asiteremke, au ateremke taratibu, bima ilipe, iwe ni uuguzi au mazoezi ya viungo. Na bado watu wa madai wakawa wanazuga kama hawakusikia, mpaka 2017 mahakama hiyo hiyo ikaiamuru serikali itoe maelezo ya kusahihisha.

Haya, turudi Mbagala. Kaka mkubwa anasema mkono uko vile vile. Je, unajua mkono uliopooza ukiachwa unakuwaje? Misuli inajivuta na kufupika. Vidole vinajikunja mpaka kucha zinachoma kiganja. Bega linakaza, linauma usiku kucha, kumvalisha mtu gauni inakuwa vita. Akiacha kusimama, miguu nayo inakwenda. Akilala bila kugeuzwa, vidonda vya mgongoni na kwenye nyonga vinafunguka, na vile ukivijua hutaviombea hata adui. Kifua nacho kinaanza kukamata makohozi. Kwa hiyo mkono kuwa "vile vile" baada ya miezi mitatu, pengine kuna mtu alikuwa anafanya kazi kubwa kuufanya uwe vile vile.

Halafu walikuwa wanatazama mkono tu. Mimi nilimwona yule mama kwa macho yangu: aliinuka mwenyewe kitini, kashika nondo za dirisha, akachukua fimbo yake, akaenda chooni, akarudi. Dakika kama kumi hivi, lakini alikwenda peke yake, hakushikwa na mkwe. Kama una mama unajua hilo kwake ni jambo la ukubwa gani. Kwenye kikao halikutajwa.

Mzee wa mafuta simtukani. Kukandwa kunatuliza, hata mimi nikishacheza mpira nakandwa. Tofauti ni kwamba ukikandwa unalala, mwenzako ndiye anatoka jasho. Kwenye fizio mgonjwa ndiye anatoka jasho: simama, kaa, simama, peleka mkono huku, rudisha, mara mia, kwa sababu ubongo unajifunza upya kwa kurudia. Na bega lililopooza huwa limelegea, mtu asiyelijua akilivuta kwa nguvu anaweza kuliumiza zaidi.

Sasa bima yetu wenyewe. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001. Ulianza na watumishi wa serikali: unakatwa asilimia tatu ya mshahara, mwajiri anaongeza tatu. Kadi ya mtumishi ilikuja na nafasi ya mwenzi wake na wategemezi wanne, na wazazi waliruhusiwa humo, hata wakwe. Mazoezi ya viungo ni moja ya mafao ya mfuko. Mtumishi aliyestaafu akiwa mwanachama naye hatupwi, anaendelea kutibiwa pamoja na mwenzi wake.

Nawajua washkaji kibao wenye ajira ambao zile nafasi wameziacha wazi miaka na miaka. Kuvaa viatu vya laki wanajua, fomu ya mama hawaijui. Siku mama anaanguka ndipo wanakimbilia ofisini na picha za pasipoti mkononi. Kama na wewe ni mmoja wao, Jumatatu pita kwa afisa utumishi au ofisi ya mfuko ya mkoa wako. Upite kweli, maana Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023 na taratibu za kujiandikisha zinabadilika, usitegemee ulichoambiwa na mtu kijiweni. Na kabla ya kumpeleka mzee hospitali binafsi, piga simu uulize kama wanapokea kadi. Machi 2024, bei mpya za mfuko zilipoanza kutumika, hospitali binafsi kadhaa ziligoma kuwahudumia wenye kadi, wagonjwa wakarudishwa mlangoni.

Na asiye na mtoto mwenye ajira? Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na utaratibu wa serikali ni kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatibiwa bure kwenye vituo vya umma. Anzia serikali ya mtaa wenu kwa ajili ya utambulisho. Ukikwama hospitalini, usianze kugombana na watu wa dirishani, uliza ofisi ya ustawi wa jamii. Hapo nakuonya kabisa: kutibiwa bure kwenye karatasi na kutibiwa bure foleni ikiwa watu themanini ni vitu viwili.

Lakini nisiwe mnafiki, kaka mkubwa ana hoja yake. Kadi hailipi bajaji. Kadi haimlipi binti aliyeacha genge lake ili amsindikize mama. Na watu wa fizio utawakuta kwenye hospitali kubwa, kwenye zahanati ya mtaa wako humpati. Wamarekani walikiandika kikomo chao kwenye sheria. Cha kwetu kimekaa kwenye nauli, na sijasikia mbunge hata mmoja akikisimamia. Mtu wa Mbagala anapiga hesabu ya bajaji, wa Kisarawe ndani huko ndiyo usiseme.

Kuna kitu ambacho kikao kile hakikukijadili kabisa. Hakuna sheria inayosema ama mara mbili kwa wiki ama usiende tena. Mshikaji wangu alirudi kwa mtaalamu peke yake, bila mama, akamweleza ukweli kwamba hela ya bajaji imekata. Yule dada wala hakukasirika. Akasema waje mara moja kila wiki mbili, na aje mtu mmoja wa nyumbani ajifunze mazoezi ya katikati. Akamruhusu mjukuu wa miaka 14 arekodi kwa simu namna ya kumshika bibi begani na namna ya kumsimamisha. Gharama ya bajaji sasa ni elfu ishirini kwa mwezi. Mzee wa mafuta bado anakuja siku moja moja, kwa sababu shangazi ni shangazi, lakini ameambiwa bega asiliguse.

Ukienda, beba kadi, kitambulisho na ile karatasi waliyokupa siku ya kuruhusiwa wodini. Muulize mtaalamu maswali matatu kabla hujatoka: tufanye nini nyumbani, mara ngapi, na kitu gani tusifanye kabisa. Andika majibu, usitegemee kichwa, ukifika nyumbani shangazi atakubadilishia.

Mwenye swali aniletee meseji kama kawaida. Ila dawa msiniulize, mimi niliishia kidato cha nne na baiolojia nilipata D. Dada wa Sinza, wiki ijayo ni zamu yako.