Mji Wetu, Wageni Sisi

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, tulitoka na wanetu kuuzuru kwa miguu Mji wa Kale wa Mombasa, tukiongozwa na mzee wa mtaa ambaye kazi yake ni kutembeza watalii. Tulianzia Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikatwaliwa na Waomani mwaka 1698. Tukapita vichochoroni, chini ya roshani za mbao na kando ya milango ya nakshi, hadi Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570 hivi, wenye mnara mweupe uliochongoka. Tulimalizia kwa viazi karai na ukwaju, kisha kahawa chungu kwa kashata.

Njiani binti mmoja alimwuliza mamake: “Mbona hukuwahi kunionyesha haya?” Mama alinyamaza. Nasi sote tulinyamaza, kwani tumezaliwa hapa, na mgeni wa siku tatu anatushinda kuujua mji.

Akina mama, mwacha mila ni mtumwa. Jioni moja wiki hii, washikeni watoto mkono, muwaonyeshe japo mlango mmoja na kuwasimulia mlijualo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuirithisha amana hii. Amin.