Usugu wa dawa: Mfanyabiashara wa mpakani naye apewe kiti

Kila asubuhi watu hutoka Nengo na mitaa mingine ya Gisenyi kuelekea mpakani Goma. Wengine hubeba nyanya na vitunguu, wengine madumu ya maziwa, trei za mayai, kuku waliofungwa miguu au mbuzi wa kuvutwa kwa kamba. Afisa wa mpakani huangalia kitambulisho, huuliza thamani ya mzigo, na kwa mifugo hutaka cheti cha daktari wa mifugo. Swali moja ni nadra kusikika katika foleni hiyo: kuku huyu alipewa dawa gani, na lini?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini wataalamu wa afya, mifugo, kilimo na mazingira wa Afrika Mashariki wamekuwa wakikutana juu yake kwa miaka kadhaa sasa. Jina lake ni usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa, ambao Tanzania huuita kwa kifupi UVIDA. Maana yake ni nyepesi. Dawa iliyokuwa ikiua kijidudu haikiui tena. Mgonjwa humeza vidonge, siku zinapita, na ugonjwa unabaki palepale.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la kitabibu la Lancet ulikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na kwamba usugu ulihusika kwa namna fulani katika vifo milioni 4.95. Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa kuliko maeneo yote. Septemba 2024 viongozi wa dunia waliokutana katika Umoja wa Mataifa waliahidi kupunguza vifo hivyo kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030.

Sababu ya kuwaweka wataalamu wa sekta mbalimbali katika meza moja inaeleweka. Antibiotiki anayopewa mtoto mwenye nimonia mara nyingi ni ya jamii moja na ile anayopewa ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba au kifaranga anayeharisha. Bakteria aliyejifunza kuishinda dawa ndani ya banda la kuku hutoka na kinyesi, huingia katika mbolea, mtaro na ziwa, kisha humfikia binadamu kupitia mikono, maji au chakula. Daktari akipigana peke yake hospitalini huku banda likiachwa, anafagia nyumba isiyo na mlango.

Kwa hiyo kila nchi ilijiandalia mpango. Tanzania na Kenya zilianza na mipango ya mwaka 2017 hadi 2022, Uganda 2018 hadi 2023, na Rwanda 2020 hadi 2024. Katika mipango hiyo wizara ya afya inakaa na ya kilimo na mifugo, msimamizi wa dawa anakaa na msimamizi wa mazingira. Ni hatua ya kusifiwa. Zamani watu hawa hawakuwa wakisalimiana kikazi.

Lakini anayetazama meza hiyo akiwa Gisenyi ataona upungufu mara moja. Kuna kiti cha daktari, cha mganga wa mifugo, cha bwana shamba na cha mtu wa mazingira. Kiti cha anayebeba kuku, maziwa na wakati mwingine dawa zenyewe kutoka nchi moja kwenda nyingine hakipo. Mipango ni ya taifa na huishia mpakani. Biashara haiishii hapo, wala vijidudu haviishii hapo.

Historia ya eneo hili inalithibitisha hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mlipuko wa kuhara damu ulianzia Zaire na kusambaa hadi Rwanda, Burundi na Tanzania, na kijidudu chake kikazidi kuzizoea dawa kadiri miaka ilivyokwenda. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Rwanda hadi Goma na vitongoji vyake katika siku chache. Watu wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Kwanza kilikuja kipindupindu, kikafuatiwa na kuhara damu. Chanzo kikuu kilikuwa ukosefu wa maji safi, lakini waganga waliokwenda kusaidia walikuta dawa za kawaida za kuhara damu hazifanyi kazi tena. Usugu si habari ya kesho katika mpaka huu. Ulikwisha kuua watu hapa miaka zaidi ya 30 iliyopita.

Mfano wa karibu zaidi ni malaria. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa vimelea vya malaria vyenye mabadiliko ya kinasaba yaitwayo R561H, yanayovifanya vichelewe kufa kwa dawa ya artemisinini, vilionekana Masaka, pembezoni mwa Kigali. Baadaye mabadiliko hayohayo yalipatikana mkoani Kagera, Tanzania, jirani na Rwanda. Uganda nayo imegundua aina zake. Hakuna kimelea kati ya hivyo kilichoomba hati ya kusafiria.

Je, mfanyabiashara anahusikaje? Anahusika kwa njia tatu, na zote anazijua kuliko mtaalamu yeyote.

Njia ya kwanza ni mnyama mwenyewe. Mfugaji anayeona kuku wake wanaanza kuzubaa huwapa dawa haraka na kuwauza haraka, ili asipate hasara. Mnunuzi wa upande wa pili hununua kuku aliyemeza dozi nusu, tena bila kujua. Kuku hufika sokoni akiwa na mabaki ya dawa mwilini na bakteria waliosalimika dozi hiyo.

Njia ya pili ni maziwa. Ng'ombe akichomwa sindano ya antibiotiki, kuna siku maalumu za kusubiri kabla maziwa yake hayajauzwa. Anayeuza kabla ya siku hizo humtia hasara mwenzake, maana maziwa yenye dawa hayagandi vizuri kuwa mtindi. Dawa huua pia bakteria wazuri wanaogandisha. Kuyachemsha hakusaidii sana. Moto huua vijidudu, lakini hauondoi mabaki yote ya dawa. Mama anayegandisha maziwa ya Gishwati kwa wateja wa Goma anaweza kupoteza ndoo nzima asijue kosa liko wapi.

Njia ya tatu ni dawa zenyewe. Katika miji mingi ya ukanda huu mtu hununua vidonge viwili vitatu vya antibiotiki bila cheti, kulingana na hela aliyonayo. Vingine huvuka mpaka ndani ya mfuko, bila kujulikana vilitunzwa kwenye joto gani na kama ndani yake mna dawa ya kutosha. Dozi pungufu ni shule ya vijidudu.

Wapo watakaosema kumwingiza mfanyabiashara katika suala hili ni kumwongezea mzigo. Hoja hiyo ina uzito. Anayevuka na kuku kumi hapati faida ya kulipia kipimo cha maabara. Daktari wa mifugo hapatikani kila kijiji, na anapopatikana ana gharama. Kila karatasi mpya mpakani huwa na bei yake, ya halali au ya chini ya meza. Akina mama wa mpakani wameona utitiri wa vibali na wana haki ya kuogopa kingine.

Hata hivyo kutokuwepo mezani kuna gharama kubwa zaidi. Januari 2017, homa ya mafua ya ndege ilipogunduliwa Uganda, Kenya na Rwanda zilifunga milango kwa kuku wa Uganda, na waliokuwa wakiishi kwa biashara hiyo waliamka hawana kazi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama, kisha siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha usalama, na ijulikane mahindi yalitoka wapi. Masharti hayo yangeweza kujadiliwa na wafanyabiashara mapema, bila siku za kukwama. Yalikuja kwa ghafla kwa sababu wahusika hawakuwa wamekaa pamoja kabla.

Usugu wa dawa unaelekea njia hiyohiyo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tangu 2006 kuwapa mifugo antibiotiki kwa ajili ya kuwanenepesha tu, na umeweka Septemba 2026 kuwa mwezi wa kuanza kudai hivyohivyo kwa nyama na mazao mengine ya mifugo yanayotoka nje. Masharti ya masoko makubwa huchukua muda, lakini hufika. Siku nchi moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki itakapoamua kupima mabaki ya dawa katika mayai na maziwa ya jirani, atakayelala mpakani na mzigo unaooza si mtaalamu aliyeandika mpango.

Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba hiyo ndiyo inayohitajika sasa, na isiwe ya kumfunga mwenye kuku. Kinachofaa ni kadi fupi ya matibabu inayoandamana na mnyama au maziwa: dawa gani ilitolewa, tarehe ya dozi ya mwisho, siku za kusubiri, na nani alitibu. Kadi iandikwe kwa Kiswahili, ijazwe na mfugaji na kugongwa muhuri na mtu wa mifugo wa sekta, bila malipo. Jumuiya tayari ina cheti rahisi cha uasili kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, na wafanyabiashara wadogo wanakifahamu. Walioweza kurahisisha ushuru hawawezi kushindwa kurahisisha hili.

Jambo la pili ni kiti chenyewe. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani viwe na mjumbe katika kila kamati ya wilaya inayoshughulikia usugu wa dawa, kuanzia Rubavu hadi Busia, Namanga na Rusumo. Mjumbe huyo ndiye anayejua msimu ambao kuku hufa kwa wingi, soko ambalo dawa huuzwa kwa kijiko, na njia ambayo mzigo hupita pale njia kuu inapofungwa. Maabara haiwezi kununua habari hiyo.

Jambo la tatu ni matokeo ya vipimo. Kama sampuli za maziwa au kuku zinachukuliwa mpakani, majibu yasiishie Kigali au Kinshasa. Yarudi kwa waliotoa sampuli, tena kwa lugha wanayoielewa. Mtu aliyeambiwa kwamba dawa fulani imekwisha nguvu katika soko lake ana sababu ya kuacha kuinunua. Aliyefichwa atazidi kuitumia, na hasara itakuwa ya wote.

Gisenyi inafaa kuwa mahali pa kuanzia. Ni katika mji huu, Septemba 1976, Rwanda, Burundi na Zaire zilianzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, na makao yake yakawekwa hapa. Jumuiya hiyo ndiyo iliyozaa IRAZ, taasisi ya pamoja ya utafiti wa kilimo na mifugo iliyowekwa Gitega, Burundi. Wazo kwamba wataalamu wa nchi hizi wanaweza kuchunguza ng'ombe na mazao pamoja si geni. Lilidhoofishwa na vita na uhasama wa kisiasa, halikukosa maana. Tangu mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa karatasi mlango uko wazi zaidi kuliko zamani.

Kwa vitendo hali ni ngumu. Tangu Goma iangukie mikononi mwa M23 Januari 2025, ofisi za serikali za pande mbili haziwezi kufanya kazi pamoja kama majirani wa kawaida, na wataalamu wengi wanasubiri siasa zitulie. Wakati huo watu wa kawaida wanaendelea kuvuka, kununua na kuuza, maana njaa haisubiri mkataba. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kumthamini mfanyabiashara: pale barua za wizara zinapokwama, yeye bado anazungumza na mteja wake wa upande wa pili. Ujumbe kuhusu dozi kamili na siku za kusubiri unaweza kupita kwa mdomo wake kabla ya kupita kwa balozi.

Naye ana wajibu wake. Amuulize mfugaji kuhusu dawa kabla ya kulipa, kama anavyouliza bei. Akatae maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano juzi, hata yakiwa nafuu. Asibebe antibiotiki kwenye mfuko kwa niaba ya mtu. Anapougua yeye au mtoto wake, anunue dawa kwa cheti na kumaliza dozi. Hayo hayahitaji kamati. Yaliyobaki, yaani kadi, kiti na majibu ya vipimo, yanahitaji serikali, na viongozi wa vyama vya mpakani wanayo haki ya kuyadai katika kikao kijacho cha wilaya.