Kadiria Kwanza, Kisha Uhesabu

Mwezi huu tumeona yafaa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kulitazama ni dogo, lakini ndani yake mna haki za watu. Nalo ni vijana wetu kutegemea mashine ya hesabu, hata wakawa hawawezi tena kulipima jibu kwa akili zao.

Haya tuyasemayo yametufika sisi wenyewe. Katika kijiji kimoja cha mkoa wetu huu wa Singida alifariki mzee mmoja, akaacha mke na watoto. Baada ya kulipwa madeni, mali iliyobaki ilikuwa shilingi 4,800,000. Tuliitwa kusimamia mgawanyo, na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akatoa simu yake ili ahesabu. Fungu la mke aliyeachwa na watoto ni thumuni, yaani moja katika nane, kama lilivyotajwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 12. Kijana akabonyeza, akasoma: "Shilingi 60,000." Mjane akainamisha kichwa, akasema, "Alhamdulillahi." Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tukashika kalamu tuandike.

Aliyetuzuia ni bibi mmoja muuza vitunguu, ambaye hakupata kukaa hata darasa moja. Alisema: "Maalim, nusu ya mali hiyo si milioni mbili na laki nne? Nusu ya nusu ni milioni moja na laki mbili. Nusu yake tena ni laki sita. Hizo elfu sitini mmezitoa wapi?" Kijana alipotazama aliona kwamba sifuri moja ilikuwa imemponyoka, akaandika 480,000.

Basi tujiulize, kosa lilikuwa la nani? Mashine haikukosea, iligawanya ilichopewa. Kosa lilikuwa letu sisi, tuliokabidhi amana ya watu kwa kitu kisichojua mjane ni nani wala dhulma ni nini. Bibi yule hakumshinda kijana kwa elimu. Alimshinda kwa mazoea, maana sokoni hapana budi ajue thamani ya magunia yake kabla mnunuzi hajafungua kinywa.

Wala hesabu si jambo geni katika Uislamu. Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa Al-Maamun, alitunga kitabu mashuhuri cha Al-Jabr, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi.

Hatusemi mashine ni mbaya. Mfanyabiashara mwenye hesabu ndefu inamfaa sana. Lakini kijana aliyezoea kuegemea simu, akiingia bila hiyo katika chumba cha mtihani wa Hisabati, huwa kama mtu aliyenyang'anywa fimbo yake njiani.

Enyi wazazi, dawa yake i nyumbani mwenu. Mfundisheni mtoto zaka ya fedha, ambayo ni moja katika arobaini: agawanye kwa kumi, kisha kwa nne. Mwenye shilingi 1,200,000 iliyopasa zaka ataona 120,000, kisha 30,000. Simu ikimwambia 300,000, atajua mara moja kwamba hiyo ni robo ya mali nzima, wala si zaka. Mkivuna gunia 23 za mtama uliomea kwa mvua, mwulizeni fungu la kumi lake. Hata kabla ya kuhesabu aweze kusema: "Ni zaidi ya gunia mbili, wala hazifiki tatu."

Na kila mtoto anyooshapo mkono kuchukua simu, mwulizeni kwanza: "Jibu litakuwa karibu na ngapi?" Akikosea msimcheke, maana anayechekwa huficha akili yake. Mwacheni akadirie, kisha ahesabu, kisha alinganishe.

Yule mjane alipata shilingi 600,000 zake. Sisi tulipata funzo, na aibu kidogo iliyotufaa. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza haki za wanyonge, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.