Fimbo Haipimi: Adabu ya Shule na Afya ya Mtoto

Kwa miaka mingi katika bonde la Kilombero, kila homa ya mtoto ilihesabiwa kuwa malaria. Mama alimfikisha mwanawe zahanati, akarudi nyumbani na dawa bila tone la damu kupimwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe, na kipimo cha haraka kikafika hadi zahanati za vijijini. Leo, katika kata ya Viwanja Sitini mjini Ifakara, mhudumu anayetoa dawa ya malaria bila kupima huhesabiwa kuwa amekiuka kazi yake. Katika shule nyingi, hata hivyo, utaratibu wa zamani ungali hai: kosa huonekana, fimbo hushuka, chanzo hakiulizwi.

Mpunga unapokaribia kukomaa, familia nyingi za Ifakara huhamia mashambani, mbali na mji, na kulala vibandani hadi mavuno yaishe. Watoto wengine huenda nao kuamia ndege. Wengine hubaki mjini na bibi au dada mkubwa, wakijipikia na kujiamsha wenyewe. Mtoto wa namna hiyo akichelewa namba ya asubuhi, viboko viwili havimpi mtu wa kumwamsha kesho. Vinampa sababu ya kutokwenda shule kabisa.

Kuna makosa mengine ambayo kwa hakika ni dalili. Mtoto mwenye kifafa cha kuduwaa hukata fahamu kwa sekunde chache, macho yakiwa wazi, na mwalimu akadhani anadharauliwa. Mwingine anatumia fenobabitoni, dawa ya kifafa inayoleta usingizi, naye huadhibiwa kwa kusinzia. Mwenye kichocho huomba ruhusa ya kwenda chooni mara kwa mara. Aliyeumwa masikio tangu utotoni hasikii anapoitwa, na mwenye upungufu wa damu hachangamki. Kwa mwenye selimundu, kukimbizwa uwanjani au kupigishwa magoti juani bila maji kunaweza kuamsha maumivu makali ya kumlaza hospitali. Adhabu iliyokusudiwa kumfunza humwongezea ugonjwa.

Si kwamba sheria imenyamaza. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Lakini mpaka huo huvukwa kwa urahisi, kwa kuwa hasira haina kipimo. Mwezi Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba alituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu, akapigwa shuleni, akafariki dunia. Taifa zima lilihuzunika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, ambao Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilishiriki kuufanya, ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana.

Wapo watakaosema kuwa mtoto asipochapwa huharibika, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Hoja hiyo haistahili dharau, kwa kuwa nyuma yake yupo mwalimu mmoja mbele ya darasa lililofurika, asiye na msaidizi, anayedaiwa utulivu na matokeo mazuri ya mitihani. Lakini methali inasema mkunje, haisemi mvunje. Mtoto anayenyamaza kwa hofu hajatii. Amejifunza kuficha kosa, na pamoja na kosa huficha pia maumivu, njaa, na mkono wa mtu mzima unaomdhuru nyumbani.

Njia nyingine imekwisha kujaribiwa jirani. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule 42 za msingi zilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Nusu yake ziliunda kamati za wanafunzi, walimu na wazazi, zikatunga pamoja kanuni za shule na kujifunza kuadibu bila kupiga. Baada ya miezi 18, wanafunzi waliosema walipigwa na watumishi wa shule katika wiki iliyotangulia walikuwa asilimia 31, wakati katika shule nyingine walikuwa asilimia 49. Asilimia 31 bado ni nyingi mno. Hata hivyo tofauti hiyo inathibitisha kuwa fimbo si desturi isiyobadilika.

Adabu ya namna hiyo si ulegevu. Aliyevunja dirisha husaidia kulitengeneza. Aliyemtukana mwenzake humkabili na kumwomba radhi. Anayechelewa kila siku huulizwa faraghani, si mbele ya mstarini, na mlezi wake huitwa kwa mashauriano. Kosa hubaki kosa na gharama yake hulipwa, lakini utu wa mtoto haulipishwi.

Wahudumu wa afya wana sehemu yao, wala si ya kuhubiri tu. Mtoto anapoanza dawa ya kifafa au kugunduliwa ana selimundu, barua fupi kwa mwalimu, kwa ridhaa ya mzazi, inayoeleza nini kitarajiwe na nini kiepukwe, inaweza kumkinga kuliko onyo lolote. Anapoletwa na michubuko, aulizwe kwa upole akiwa peke yake, na majibu yaandikwe na kufikishwa ustawi wa jamii. Nao wahudumu wajitazame: mama anayefokewa kliniki kwa kuchelewa tarehe hufundishwa somo lile lile la kuficha. Mzazi naye ana wajibu wa kumweleza mwalimu hali ya mwanawe kabla msimu wa shamba haujamtenga naye.

Bonde hili lilijifunza kwamba si kila homa ni malaria, na watoto wengi walipata tiba sahihi kwa sababu mtu alipima kwanza. Si kila kosa ni ukaidi. Mwalimu anayeuliza kabla ya kuadhibu ndiye anayepima kabla ya kutibu.