Saa ya Kigali Iacheni, Shughulikieni Pesa

Katika mdahalo wa darasa letu muhula huu, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba Rwanda haitakuwa Afrika Mashariki kamili mpaka isogeze saa yake ilingane na ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Alipigiwa makofi mengi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa muda uliisha kabla sijapewa nafasi ya kusema, namjibu hapa.

Alidai kuwa Nairobi ikiwa saa tatu asubuhi sisi tuko saa mbili, hivyo tunapoteza saa nzima ya biashara. Akaongeza kwamba mwanafunzi wa Kiswahili wa Kigali anaishi nyuma ya Waswahili wengine. Hili la pili ndilo lililoniudhi.

Saa ya Kiswahili haianzi usiku wa manane kama ya Wazungu. Inafuata jua: likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa moja ya mchana huhesabiwa kuanzia hapo. Kinyarwanda nacho kinahesabu hivyo hivyo, tena kwa maneno yale yale: saa moya, saa mbiri, saa tatu. Sasa tazameni ramani. Kigali iko karibu kabisa na nyuzi 30 mashariki, mstari ambao ndio kipimo cha saa tunayoitumia, saa mbili mbele ya Greenwich. Saa ya Nairobi na Kampala imepimwa kwa nyuzi 45, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Ndiyo maana hapa saa kumi na mbili asubuhi jua linachomoza au limekaribia, lakini Kampala saa hiyo bado ni giza mwaka mzima. Mkulima wa Masaka anaishi kwa jua la Mogadishu! Nani basi yuko nyuma ya Waswahili?

China imefanya anachotaka mwenzetu. Tangu 1949 nchi nzima inatumia saa ya Beijing, ingawa upana wake ungetosha saa tano tofauti. Huko Urumqi, magharibi ya mbali, jua la majira ya baridi huchomoza baada ya saa tatu asubuhi kwa saa ya serikali. Matokeo yake wakazi wengi wana saa mbili, moja ya ofisi na moja ya nyumbani iliyo nyuma kwa saa mbili. Saa moja ya taifa imezaa mbili mjini.

Na kama shida ni muda wa kufungua ofisi, hakuna haja ya kugusa saa ya ukutani. Januari 2023 serikali yetu ilisogeza ratiba: kazi zikaanza saa tatu asubuhi na shule saa mbili na nusu. Yaani tulisogea mbali zaidi na Nairobi, kwa hiari yetu, na sikumbuki mtu aliyesema tumejitoa katika Jumuiya.

Mwaka jana nilikwenda Kampala kwa basi kupitia Gatuna. Tulipovuka mpaka, simu yangu ilisogeza saa yenyewe, bure. Faranga zangu hazikujisogeza. Nilinunua shilingi kwa bei ya mbadilishaji, na niliporudi nikamuuzia zilizobaki kwa bei yake nyingine, ya chini. Mimi nilikuwa natembea tu. Fikirieni mama anayevuka kila siku kati ya Gisenyi na Goma, miji iliyogusana, yenye saa moja lakini faranga mbili tofauti. Goma hiyo hiyo ina saa tofauti na Kinshasa, na faranga ya Kongo inatumika kote kuwili. Indonesia nayo ina saa tatu na rupia moja. Ureno na Ufini zimepishana saa mbili, na zote zinatumia yuro.

Pesa ndiyo iliyokwama. Novemba 30, 2013, hapo hapo Kampala, marais watano walitia saini itifaki ya sarafu moja, ianze 2024. Mwaka huo umepita, na sasa tunaambiwa 2031. Najua si kazi ndogo: kila nchi inatakiwa iwe na mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8 na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha miezi minne na nusu ya kuagiza bidhaa. Basi hayo ndiyo yajadiliwe darasani: nani amefikia, nani hajafikia, na kwa nini.

Tena si jambo geni hapa. Kabla ya 1916 Kigali na Dar es Salaam zilikuwa chini ya rupia moja ya Wajerumani, na neno "hela" tunalolitumia hadi leo ni sarafu ndogo ya rupia hiyo. Siwasifu wakoloni, walitaka kodi. Lakini inaniuma kuona kwamba wao waliliweza kwa faida yao, na sisi tunaliahirisha huku tukipigiana makofi kuhusu mishale ya saa.

Sarafu za shilingi nilizorudi nazo ziko mezani kwangu mpaka sasa. Pale mpakani walichukua noti tu.