Konvertisere ya sola: tusinunue namba ya kartoni

Bunia, Butembo, Bukavu: nyumba nyingi sasa zinaweka paneli za jua juu ya mabati. Ni jambo la kusifu, maana jamaa zimechoka kungojea umeme unaokuja na kwenda. Lakini wengi wanachagua vizuri paneli na bateri, kisha wanachukua konvertisere yoyote ya bei ndogo. Hapo ndipo feza zinapotea.

Konvertisere ndiyo inageuza umeme wa bateri, volti 12 ao 24, kuwa umeme wa volti 220 ambao vyombo vya nyumba vinatumia. Ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya "sinus pur", ambayo makartoni mengi yanaita "pure sine wave". Inatoa umeme laini, sawa na ule wa mtandao. Ya pili, "sinus modifié", inatoa umeme unaoruka kwa ngazi. Kwa ampuli na kuchaji telefone, hii ya pili inaweza kutosha. Lakini motere ya frigo ao ya pompa ya maji inapata joto kupita kiasi, inanguruma, na inaweza kuungua mbele ya wakati. Kwenye kituo cha afya, mashine ya oksijeni haifai kuunganishwa nayo hata siku moja.

Tena kuna nguvu. Wati 2000 zilizoandikwa kwa herufi kubwa, mara nyingi ni nguvu ya muda mfupi sana. Nguvu ya kutumia saa nzima inaweza kuwa nusu. Na frigo ya wati 150 inaweza kuomba mara 5 ya hizo, ni kusema wati 750, pale motere yake inapoanza.

Konvertisere kubwa pia haiongezi umeme. Bateri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2400, na ni vizuri kutumia nusu tu ili idumu. Ukiweka mzigo wa wati 1000, nusu hiyo inaisha kwa saa moja hivi.

Watasema: maskini ananunua kile anachoweza. Ni kweli. Lakini mwenye ampuli tatu anaweza kununua zile za volti 12 na kuacha konvertisere kabisa. Mwenye frigo ya biashara, yeye, akikimbia bei ya "sinus pur" leo, kesho atalipa konvertisere na frigo pia.

Mzigo huu hatuwezi kuuachia mnunuzi peke yake. OCC, yenye kazi ya kuchunguza bidhaa zinazoingia inchini, ingepaswa kudai kila kartoni ionyeshe wazi aina ya umeme na nguvu ya kudumu. Wauzaji nao waseme ukweli. Kwa sasa, mbele ya kutoa dola zako, uliza maswali mawili: ni "sinus pur"? Na inabeba wati ngapi bila kusimama? Muuzaji akikosa jibu, nenda duka lingine.