Pampu Haijafa, Inakunywa Hewa

Wadau, leo nina hasira. Jumamosi nilikuwa Nduruma kwa baba mdogo. Pampu yake ya petroli inanguruma tu, maji haivuti, nyanya zinanyauka. Fundi keshamwambia anunue nyingine. Kwa hela ipi?

Hivi huyo alifungua hata kifuniko? Pampu hizi hazivuti zikiwa kavu: unazijaza maji kwanza, na mpira wa kuvutia usiwe na upenyo hata kidogo. (Mimi na digrii yangu sikulijua hilo, kanifundisha jirani mlima vitunguu.) Tukaujaza mpira maji, tukauinua. Tone likadondoka kwenye kiungio. Panapotoka maji ndipo hewa inapoingilia! Tukakaza klipu, tukajaza tena, ikavuta.

Jana fundi kapiga simu, anauliza kama hela ya pampu mpya imepatikana.